Swali la Mdogo Wangu Kuhusu Kura ya Seneta

Mdogo wangu ni kiziwi. Jioni moja tulikuwa tumeketi nyumbani, Voi, katika Kaunti ya Taita Taveta, tukitazama matangazo ya kikao cha Seneti ya Kenya. Mkalimani wa lugha ya ishara alikuwa amewekwa kwenye kona ya kioo, ndani ya kisanduku kidogo, na kila utepe wa habari ulipopita chini ulimfunika mikono mpaka viwiko. Mdogo wangu alikuwa amesogeza kiti karibu kabisa na televisheni ili asipitwe na neno.

Aliyekuwa akizungumza ni Seneta Crystal Asige.

"Anamsemea nani?" mdogo wangu aliniuliza kwa mikono.

Nikamjibu kwamba anawasemea wao, watu wenye ulemavu, na kwamba mswada unaojadiliwa ameuleta yeye mwenyewe. Akatazama kwa muda, kisha akageuka tena. "Na siku ya kura ikifika, yeye atapiga kura gani?"

Nilijibu bila kufikiri. Nilimwambia atapiga kura ya ndiyo, kwa sababu mswada ni wake.

Wiki kadhaa zilipita kabla sijatambua kwamba jibu langu halikuwa sahihi, na tangu hapo swali lake halijaniacha.

Orodha isiyo na jina lake

Nina mazoea ya kusoma Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Si kazi yangu. Ni tabia niliyoizoea tangu nilipogundua kwamba mambo mengi yanayosemwa Bungeni hayafiki magazetini, na kwamba yale yanayofika mara nyingi ni matusi na mizozo. Anayesoma kumbukumbu zenyewe hukutana na Bunge jingine, lenye watu wanaoomba takwimu, wanaomtaka waziri aeleze kwa nini fedha za wazee zimechelewa, wanaobishana kwa nusu saa juu ya neno moja katika kifungu. Chini ya kila ukurasa wa nakala ya kielektroniki kuna onyo kwamba nakala hiyo ni ya kutoa taarifa tu na kwamba iliyothibitishwa hupatikana kwa mkurugenzi wa idara inayohusika. Nimelisoma onyo hilo mara nyingi kiasi kwamba silioni tena.

Safari hii nilikuwa nikitafuta kitu kimoja tu. Nilitaka kumwonyesha mdogo wangu jina la seneta yule katika orodha ya wapiga kura, ili aone kwa macho yake nilichomwambia.

Orodha za kura katika Seneti zina umbo lake. Panapohusika jambo la kaunti, jina la seneta huandikwa likifuatwa na jina la kaunti: fulani, Kaunti ya fulani. Nilipitia orodha kadhaa, za miswada mbalimbali, na kila mara nilikutana na majina ya maseneta wa kuchaguliwa. Waliozungumza kwa ufasaha zaidi katika mjadala, baadhi yao wakiwa maseneta wa kuteuliwa, hawakuonekana walipokuwa wakihesabiwa.

Mwanzoni nilidhani hawakuhudhuria.

Kisha nikafungua Katiba.

Ibara ya 123

Ibara ya 98 inaeleza Seneti inaundwa na akina nani: wanachama 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, vijana wawili, na watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaowakilisha watu wenye ulemavu. Spika huongezwa juu yao. Sehemu hiyo wengi tunaifahamu, maana huimbwa kila uchaguzi.

Ibara ya 123 ndiyo ambayo sikuwahi kuisoma kwa makini. Inasema kwamba maseneta wote waliojiandikisha kupiga kura katika kaunti moja ni ujumbe mmoja, yaani kundi moja la wawakilishi wa kaunti hiyo, na kwamba seneta wa kuchaguliwa ndiye kiongozi wa ujumbe huo. Seneti inapopigia kura jambo linalohusu kaunti, kila ujumbe una kura moja. Kura hiyo hupigwa na kiongozi, au, asipokuwapo, na mjumbe mwingine aliyemteua yeye. Anapaswa kushauriana na wenzake kabla ya kuamua, lakini uamuzi ni wake. Na jambo halipiti mpaka liungwe mkono na wengi wa ujumbe wote, yaani angalau 24 kati ya 47, si wengi wa waliokuwamo ukumbini.

Kwa hiyo seneta anayeketi katika kiti kilichoundwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ulemavu anaweza kuandika mswada, kuuwasilisha, kuutetea katika hatua ya kusomwa mara ya pili, kuukinga dhidi ya marekebisho mabaya katika kamati, na mwishowe kuketi kimya huku watu 47 wengine wakiamua.

Nilifunga kitabu nikakaa.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kubwa, nami sitaki kuificha. Niliona kana kwamba mtu amealikwa arusini, akapika, akapakua, kisha akaambiwa meza imejaa. Lakini nilipotulia nilijilazimisha kuuliza kwa nini walioandika Katiba walifanya hivyo, na jibu halikuwa la kudharau. Seneti iliundwa ili Lamu, yenye watu wachache, isimezwe na Nairobi au Kiambu. Viti 20 vya kuteuliwa hugawanywa kulingana na nguvu za vyama. Kama kila aliyeteuliwa angekuwa na kura yake katika mambo ya kaunti, chama kikubwa kingeweza kuzizidi kaunti zenyewe nguvu. Usawa wa kaunti ungebaki kwenye karatasi.

Nimeikubali hoja hiyo. Bado inaniuma.

Inaniuma kwa sababu inadhani kwamba mtu ni mtu wa kaunti kwanza, na kwamba seneta wa kaunti atambeba kila aliyemo. Mdogo wangu ni mtu wa Taita Taveta kweli, lakini mambo yanayomtatiza hayafuati mpaka wa kaunti. Kiziwi wa Voi na kiziwi wa Lodwar wana shida moja, na hakuna ujumbe hata mmoja kati ya ile 47 ambao shida hiyo ndiyo sababu yake ya kuwapo.

Kinachobaki ni maneno

Basi nilianza kusoma upya michango ya Asige, safari hii nikijua kwamba ninayemsoma ana maneno mengi kuliko kura. Kusoma kwangu kulibadilika kabisa.

Aliteuliwa na chama cha ODM mwaka 2022, akiwa mwanamuziki aliyepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya ugonjwa wa macho. Miongoni mwa miswada aliyoileta kuna Mswada wa Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2023, Mswada wa Lugha ya Ishara ya Kenya wa mwaka huohuo, na mwingine kuhusu kampuni changa za ubunifu. Huu wa mwisho ninautaja kwa makusudi, kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba mwakilishi wa watu wenye ulemavu anapaswa kusimama pale tu ulemavu unapotajwa, kama kwamba vijana wenye ulemavu hawaanzishi biashara.

Mswada wa lugha ya ishara una historia inayonisikitisha. Kabla yake, Seneta Gertrude Musuruve, naye wa kuteuliwa na ODM, alikuwa ameleta mswada wa jina hilohilo katika Bunge lililotangulia. Bunge linapofikia mwisho wa muhula wake, miswada ambayo haijakamilika hufa pamoja nalo. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 anayetaka kuiendeleza lazima aanze tena: kuandika, kuchapisha, kusomwa mara ya kwanza, kuwasikiliza wananchi, kusomwa mara ya pili. Wananchi walewale waliokwisha kutoa maoni huitwa tena kuyatoa.

Zingatieni kwamba Lugha ya Ishara ya Kenya tayari imo ndani ya Katiba. Ibara ya 7 inaiagiza Serikali kuikuza. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Ibara ya 120 inaitaja kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Haki ipo tangu 2010, na bado wawakilishi wa kiti hichohicho wamelazimika kuleta mswada wa utekelezaji muhula baada ya muhula.

Nilikuwa nikiamini kwamba hotuba isiyo na kura ni upepo. Sasa sina hakika. Mtu mwenye kura anaweza kuinua mkono bila kueleza sababu, na Hansard itaandika jina lake tu. Asiye na kura hana silaha nyingine isipokuwa sababu. Ni lazima aseme jambo ambalo seneta wa Wajir au wa Nyamira atalichukua na kuliona kuwa lake. Akishindwa kumshawishi mwenzake, ameshindwa kabisa. Labda ndiyo maana hotuba bora za sera ya jamii nilizozisoma zilitoka mara nyingi kwa watu wa viti hivi.

Kutoka hisani kwenda haki

Jambo moja katika mijadala hiyo lilinigusa kama mpenzi wa lugha. Kiswahili kimewapanga watu wenye ulemavu katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Ndimo vilivyomo kiti na kijiko. Watu wengi wanaona hapo dharau iliyojificha, nami siwezi kuwakanusha. Lakini sarufi hiyohiyo inakataa kumaliza sentensi kwa dharau: hatusemi kiziwi kimekuja, tunasema kiziwi amekuja. Jina linaanza kama kitu, kitenzi kinamrudishia utu wake.

Nilipokuwa nikilinganisha sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 na ile ambayo Rais aliitia saini tarehe 8 Mei 2025, niliona safari inayofanana na hiyo. Ile ya 2003 ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake na sipendi inavyobezwa. Lakini kuhusu ajira ililiagiza baraza husika lijitahidi kuhakikisha asilimia 5 ya nafasi zinatengwa. Kujitahidi hakuna kipimo. Mtu anaweza kujitahidi miaka 20 na asipatikane na kosa. Sheria ya 2025 inamgeukia mwajiri mwenyewe, wa umma na wa binafsi, mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, na kumtaka atenge asilimia hiyo 5.

Kati ya sheria hizo mbili Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, ikapitisha Katiba mwaka 2010, na kisha ikakaa na sheria iliyotangulia vyote viwili. Miaka 15 ilipita kati ya Katiba na sheria iliyolingana nayo. Aliyeifikisha mwisho, kwa mswada wake wa 2023, ni Asige, seneta wa upinzani asiye na kura ya kaunti.

Lakini upinzani upi?

Hapa nilikwama kwa siku nyingi, na sitadai kwamba nimekwamuka.

Asige alipoingia Seneti, chama chake kilikuwa upande wa walio wachache. Mwezi wa Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, watu mashuhuri wa ODM waliteuliwa kuwa mawaziri. Tarehe 7 Machi 2025 viongozi wa ODM na wa UDA, chama cha Rais, wakatia saini makubaliano ya kushirikiana. Miezi miwili baadaye sheria ya watu wenye ulemavu ikatiwa saini Ikulu. Msomaji mmoja wa blogu hii, niliyemdokezea kwamba ninaandika makala haya, aliniambia nisimwite tena seneta wa upinzani, kwa kuwa upinzani wenyewe umehamia serikalini.

Nilimwelewa, lakini naona anachanganya mambo mawili. Upinzani wa vyama hugombania nani atawale, na huo unaweza kumalizwa kwa saini mbili. Upinzani ninaouzungumzia hapa ni wa kuuliza swali ambalo hakuna serikali inayopenda kuulizwa: fedha ziko wapi? Mtu anayepokea ruzuku ya Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwapa fedha wenye uhitaji, kwa sababu ya ulemavu mkubwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Haifiki shilingi 67 kwa siku. Kiwango hicho kimedumu zaidi ya muongo mmoja, chini ya marais tofauti, huku unga, mafuta ya taa na nauli vikipanda. Nani amekuwa serikalini na nani nje hakujaibadilisha namba hiyo.

Tena Seneti haiwezi kuibadilisha. Ibara ya 109 inasema mswada wa fedha, yaani unaohusu kodi au matumizi ya Serikali, huanzia Bunge la Kitaifa pekee. Seneta anaweza kusema kwamba shilingi 2,000 ni kidogo, anaweza kulisema vizuri hata ukumbi ukanyamaza, lakini hawezi kuandika shilingi 3,000 mahali pake.

Kwa upande wa kodi hali ni tofauti, nami naiona kuwa mfano wa jinsi sera inavyoweza kumfikia aliye karibu na kumruka aliye mbali. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti husamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Ni msaada mkubwa kwa mwenye mshahara. Mdogo wangu ni seremala. Kuna miezi anauza vitanda viwili, kuna miezi hauzi hata kigoda. Msamaha wa kodi kwake ni kama mwavuli kwa mtu asiyenyeshewa kwa sababu amefungiwa ndani.

Chumba cha daktari

Kuna tukio moja ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa makala haya. Mdogo wangu amenipa ruhusa ya kulieleza.

Miaka michache iliyopita aliugua, tukampeleka hospitali moja ya umma. Hapakuwa na mkalimani. Daktari alikuwa mpole na mwenye subira, lakini hakujua ishara hata moja, na maradhi yenyewe yalikuwa ya sehemu za siri. Aliyebaki kufasiri alikuwa mama. Mwanamume wa miaka 26 alilazimika kumweleza mama yake, kwa mikono, mbele ya mgeni, mambo ambayo mwanamume hamwelezi mama yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona akianza ishara, akaiacha katikati, akatazama sakafu.

Alimwambia daktari kwamba ni tumbo.

Alirudi nyumbani na dawa ya tumbo, na ugonjwa ukaendelea kwa miezi mitatu zaidi.

Hospitali za kaunti ni jukumu la serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba liko wazi. Kwa hiyo mkalimani katika chumba cha daktari ni jambo la kaunti, na sheria ya kumweka pale ni ya aina ile ambayo Seneti huipigia kura kwa ujumbe. Ndipo nilipoona ukubwa wa swali alilouliza mdogo wangu mbele ya televisheni. Mtu aliyeletwa ukumbini mahususi kwa ajili yake ndiye ambaye, katika jambo hasa linalomhusu, kura si yake.

Vilevile hesabu zetu haziwasaidii watu kama yeye. Sensa ya mwaka 2009 iliripoti kwamba asilimia 3.5 ya Wakenya walikuwa na ulemavu. Sensa ya 2019 ikaripoti asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Maswali yaliulizwa kwa namna tofauti na umri uliohesabiwa haukuwa uleule, kwa hiyo takwimu hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Lakini kamati ya bajeti haisomi maelezo ya chini ya jedwali. Inaona namba imepungua, na mkalimani mmoja wa hospitali anageuka kuwa anasa.

Jibu nililompa

Nilimweleza mdogo wangu ukweli siku ya Jumapili, baada ya chakula. Nilimwambia nilikosea, kwamba katika mambo ya kaunti seneta yule huwa hapigi kura, na kwamba kura ya Taita Taveta inapigwa na seneta tuliyemchagua sisi wenyewe hapa. Nilitarajia akasirike kama mimi nilivyokasirika. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama seneta wa kuchaguliwa anajua kwamba anapiga kura kwa niaba ya viziwi.

Sikuwa na jibu.

"Basi tumwandikie," alisema.

Tuliandika usiku huo, yeye akiashiria na mimi nikichapa. Tuliuliza mambo mawili: kabla ya kupiga kura katika miswada inayohusu watu wenye ulemavu, anashauriana na nani, na kama yuko tayari kukutana na viziwi wa Voi, mkalimani akiwapo, kabla ya kura ijayo. Nilianza sentensi ya mwisho kwa desturi yetu ya barua rasmi, "Kwa unyenyekevu tunaomba." Mdogo wangu aliisoma kwenye kioo cha kompyuta, akanyoosha kidole, akafuta maneno hayo herufi moja baada ya nyingine. Mahali pake akaandika mwenyewe, "Tunauliza."

Barua imetumwa. Leo ni siku ya kumi na mbili.